Ng'ombe Aliyegeuka Njiani: Waraka Unapohama Kompyuta

Andika neno "ng'ombe" kwenye Microsoft Word, kisha lipeleke kwenye kompyuta tatu zisizoelewana. Huenda likafika likiwa wanyama watatu. Mara tu kidole kinapobonyeza ritifaa, Word huipinda ikawa kama mkia wa koma, na katika Windows ya zamani ya nchi za Magharibi mkia huo ulipewa namba 146. Kwenye DOS ya IBM namba 146 ni Æ. Kwenye Macintosh ya enzi hizo ni í. Kwa hiyo ng'ombe wa Windows akihamia DOS anaitwa ngÆombe, na akihamia Mac anaitwa ngíombe. Safari ya kurudi nayo ina lake: Mac ilimpa ritifaa namba 213, ambayo Windows huisoma Õ, na mnyama anaingia zizini akiwa ngÕombe. Siku hizi, waraka ulioandikwa kwa utaratibu mpya wa UTF-8 ukiangukia programu inayodhani bado tuko mwaka 1995, anavimba kabisa: ngâ€™ombe.

Mwandishi hakukosea, wala hapakuwa na kirusi. Namba zilisafiri bila kupotea hata moja. Kilichobadilika ni msomaji wa namba.

Swali la jinsi waraka unavyohama kutoka mfumo mmoja wa kompyuta hadi mwingine lina umri sawa na programu za kuandikia zenyewe, karibu nusu karne sasa, na kila kizazi kimedhani kimelimaliza. Kwa kweli ni maswali matatu yaliyobebana mgongoni. La chini kabisa ni chombo: diski, waya au mtandao unaobeba faili. Juu yake zimekaa herufi, yaani makubaliano kwamba namba fulani ni "a" na nyingine ni "b". Juu kabisa ni sura ya waraka: pambizo, jedwali, tanbihi, ukurasa unaoishia pale ulipoishia. Swali la chombo limekwisha. La herufi limekaribia kwisha. La sura lingali bichi, kwa sababu faili la waraka si ukurasa hata kidogo. Ni vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa fundi cherehani. Ukibadilisha fundi, vipimo ni vilevile, lakini gauni linatoka jingine.

Anayelalamika leo kwamba jedwali lake limeruka ukurasa angeonekana mtu wa anasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo kazi ilikuwa kuifanya mashine ya pili iitambue diski tu. Osborne 1, iliyoingia sokoni mwaka 1981, na Kaypro iliyoifuata zilitumia mfumo endeshi mmoja, CP/M, na diski za ukubwa uleule wa inchi tano na robo. Hata hivyo kila mtengenezaji alizipanga duara za diski kwa namna yake, na bila programu ya ukalimani kama UniForm diski ya mmoja ilikuwa sahani tupu kwa mwenzake. Macintosh ya mwaka 1984 ilizidi. Kiendeshi chake kilibadilisha kasi ya mzunguko kulingana na sehemu ya diski iliyokuwa ikisomwa, jambo ambalo kiendeshi cha IBM hakikuweza kuliiga hata kwa programu. Mpaka Apple ilipoleta kiendeshi kipya mwishoni mwa muongo huo, waraka haukuwa na njia rahisi ya kutoka Mac kwenda DOS kwa diski.

Njia nyingine ilikuwa waya. Watu walinunua kebo ambayo waya zake za kutuma na za kupokea zimepishanishwa, ili mdomo wa kompyuta moja ukutane na sikio la nyingine. Kebo peke yake haikutosha, maana kelele za laini zinakula herufi. Mwaka 1977 Ward Christensen alibuni XMODEM, utaratibu wa kukata faili vipande vya baiti 128, kila kipande na hesabu yake ya uhakiki. Hesabu isipolingana, kipande kinatumwa upya. Miaka minne baadaye Frank da Cruz na Bill Catchings wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitengeneza Kermit, wakakipa jina la chura wa kwenye televisheni. Kermit kilitokana na shida ya kawaida ya chuo: wanafunzi walitaka kazi zao zitoke kwenye kompyuta kubwa ya DEC ziingie kwenye diski zao wenyewe. Werevu wake ulikuwa unyenyekevu. Kilidhani mashine ya upande wa pili ni korofi, itakula kila alama isiyo ya kawaida, hivyo kilituma kila kitu kikiwa kimevishwa herufi za kawaida zinazochapika.

Bahari ya Hindi nayo ina kisa chake. Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza aliyehamia Sri Lanka, aliandika riwaya yake ya mwaka 1982, 2010: Odyssey Two, kwa programu ya WordStar kwenye kompyuta ya Archives III. Kitabu kizima kilitoka Colombo kwenda New York kikiwa ndani ya diski moja ya inchi tano, na masahihisho ya dakika za mwisho yakapita angani kupitia kituo cha ardhini cha Padukka na setilaiti ya Intelsat iliyokuwa juu ya bahari hii. Mwaka uliofuata, filamu ilipokuwa ikiandaliwa, Clarke na mwongozaji Peter Hyams wa Hollywood waliandikiana kwa modemu, na barua zao baadaye zikawa kitabu. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mawasiliano. Kuna kitu kidogo kinachorukwa: wote wawili walikuwa na Kaypro. Hawakulitatua tatizo la kuhamisha waraka kati ya mifumo tofauti. Walilikwepa kwa kununua mashine za aina moja.

Wengine hawakuwa na nafasi hiyo, na walikutana uso kwa uso na WordStar yenyewe.

WordStar ilitoka mwaka 1978, mikononi mwa Seymour Rubinstein na mtunga programu wake Rob Barnaby, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyotawala. Kuelewa fujo iliyoacha inabidi kurudi kwenye ASCII, orodha ya Wamarekani ya mwaka 1963 inayozipa herufi namba kuanzia 0 hadi 127. Namba hizo zinatoshea kwenye biti saba, ilhali baiti ya kompyuta ina biti nane. Ya nane ilikaa bila kazi, na Barnaby akaipa kazi. WordStar ilipopanga aya ili kingo zote mbili zinyooke, ilitia alama kwenye herufi ya mwisho ya neno kwa kuiongezea 128, ili ijue pa kupenyeza nafasi. "a", ambayo ni 97, ikawa 225. Ndani ya WordStar hakuna aliyeona tofauti. Nje yake, kompyuta ya IBM ilichora 225 kama ß.

Kiingereza kiliumia. Kiswahili kingeumia kwa namna ya kuchekesha zaidi, kwa sababu maneno yake karibu yote huishia na irabu, na irabu ni tano tu. Mwisho wa kila neno ungekuwa na moja ya alama tano: ß badala ya a, σ badala ya e, Θ badala ya i, ∩ badala ya o, ⌡ badala ya u. "Mtoto anasoma kitabu" ingetokea kwenye skrini kama "Mtot∩ anasomß kitab⌡". Kwa upande mwingine, msomaji wa Kiswahili angeuvunja msimbo huo kabla chai haijapoa, jambo ambalo Mwingereza, mwenye maneno yanayoishia kwa d, s, t, y na karibu herufi zote nyingine, asingeliweza kirahisi.

Dawa ilikuwa programu ya mistari michache: kila namba inayozidi 127, ondoa 128. Herufi zilirudi. Lakini WordStar ilitumia ujanja uleule kutofautisha mwisho wa mstari unaoweza kuhama na mwisho wa mstari uliobonyezwa na mwandishi. Wa kwanza ulikuwa 141, wa pili 13. Ondoa 128 kwenye 141 unapata 13. Waraka uliosafishwa ulifika na herufi safi, lakini kila mstari umekuwa aya, na mtu alikaa kutwa akiunganisha mistari kwa mkono. Hapo ndipo swali la herufi lilipoanza kujifunua kuwa ni swali la sura.

Mwisho wa mstari ni mada inayostahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa imedumu kuliko programu zote ilizozitesa. Aliyewahi kupiga taipureta anaukumbuka mkono ule wa chuma ubavuni: ukiuvuta, gari la karatasi linarudi mwanzo na karatasi inapanda mstari mmoja, vitendo viwili kwa mvuto mmoja. Mashine za teleprinta zilivitenganisha, kimoja namba 13, kingine namba 10. Waundaji wa CP/M, na kisha DOS na Windows, walivichukua vyote viwili. Watu wa Unix walichukua 10 peke yake. Apple ikachagua 13 peke yake, ikaishi nayo mpaka ilipohamia mfumo wake mpya wenye asili ya Unix mwaka 2001. Matokeo yake, faili la maandishi matupu kabisa kutoka Unix, lisilo na fonti wala rangi, kitu ambacho kingepaswa kuhama bila pasipoti, lilifunguka kwenye Notepad ya Windows likiwa mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Microsoft iliifundisha Notepad kusoma mistari ya Unix mwaka 2018. Teleprinta zilikuwa zimeshaingia makumbusho.

Kwa herufi zenyewe, ukombozi ulikuja na Unicode, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1991: kila herufi ya kila mwandiko namba yake, isiyoshirikiwa na nyingine. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuziandika namba hizo bila kuvuruga ASCII ya zamani. Inasimuliwa kuwa waliichora kwenye karatasi ya kuwekea sahani katika mkahawa wa New Jersey. Faida ilikuwa kubwa kwa Kiarabu, Kiamhari, Kichina. Kiswahili cha herufi za Kilatini kilikuwa tayari kimebahatika, kwa vile hakina alama za juu ya herufi wala mikia, na ASCII tupu ilikitosha. Kasoro moja tu: ng'.

Ritifaa ya ng' ni sehemu ya sauti, haifungi nukuu wala haifupishi neno. Kompyuta haijui hivyo. Unicode ina ritifaa iliyonyooka, iliyopinda, na hata ya tatu iliyotengwa kwa ajili ya lugha ambazo alama hiyo ni herufi, ingawa ni wachache mno wanaoijua. Simu huandika moja, Word huandika nyingine. Waraka ukipita mikono mitatu unakuwa na "ng'ambo" za aina mbili zinazofanana machoni, na anayetafuta neno hilo kwenye programu isiyozichukua alama hizo kuwa kitu kimoja huambiwa halipo. Hapo herufi zimefika salama, na bado hazijafika.

Basi tuseme chombo na herufi vimekubali. Kinabaki kile kilichowaingiza watu wazima kwenye kura na rufaa za kimataifa.

Programu mbili kubwa za miaka ya 1980 na 1990, WordPerfect na Word, hazikutofautiana kwa vitufe tu. Zilitofautiana kwa imani. Kwa WordPerfect, iliyozaliwa jimboni Utah kwa kazi ya Alan Ashton na Bruce Bastian, waraka ni mto: maneno yanatiririka, na njiani unakuta alama inayosema "wino mzito uanze hapa", mbele yake nyingine "wino mzito uishie hapa". Mwandishi aliweza kubonyeza vitufe viwili akafunuliwa alama zote, akafuta iliyomkera. Mawakili wa Marekani waliipenda kwa hilo na wakaing'ang'ania miaka mingi baada ya ofisi nyingine kuhama. Kwa Word, ambayo toleo lake la kwanza ni la 1983, waraka ni mlolongo wa vitu vyenye sifa. Aya nzima hubeba mpangilio wake ndani ya ile alama isiyoonekana iliyo mwishoni mwake; futa alama hiyo, na aya inaazima tabia za jirani.

Kutafsiri kati ya imani hizi mbili si kazi ya kamusi. Alama ya WordPerfect inayoanza katikati ya sentensi na kuishia kurasa tatu mbele haina mahali pa kukaa kwenye Word, hivyo mkalimani huikata vipande na kukipachika kila kipande kwenye aya yake. Kwa macho waraka unafanana. Jaribu kuubadilisha, na unagundua umekabidhiwa nyumba yenye rangi nzuri ambayo mabomba yake yamepita nje.

Microsoft yenyewe ilitoa daraja mwaka 1987, fomati iitwayo RTF, iliyoandika mpangilio kwa maneno ya kawaida yanayotanguliwa na mkwaju uliolalia nyuma. Ilikuwa ASCII tupu, hivyo ilivuka kila waya, na programu nyingi zilijifunza kuisoma. Kasoro yake ni kwamba ilikua kwa kuifuata Word. Kila Word mpya ilipoleta jambo jipya, RTF ilirefushwa, na wengine walibaki wakikimbia nyuma ya gari.

Fomati iliyotumika hasa ilikuwa .doc, na hata ndani ya nyumba moja haikuwa na amani. Word 97 ilipotoka, mafaili yake hayakufunguka kwenye Word 95, ingawa yote yaliitwa .doc. Programu mpya ilimpa mwandishi nafasi ya kuhifadhi kwa fomati ya zamani, lakini kilichofanywa na toleo lake la kwanza ni kuandika faili la RTF na kulivika jina la .doc. Wateja walipogundua walinuna, na Microsoft ikalazimika kutoa kigeuzi halisi.

Tena .doc ilibeba mizigo ambayo mwenye waraka hakuipakia. Ili kuokoa muda, Word iliweza kuhifadhi mabadiliko kwa kuyabandika mkiani mwa faili bila kuyafuta ya mwanzo, kwa hiyo sentensi iliyofutwa kwenye skrini iliendelea kuishi ndani. Ilihifadhi pia majina ya waliolishika faili mara za mwisho. Mwezi Februari 2003 ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza ilichapisha ripoti yake kuhusu Iraki ikiwa faili la Word. Iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka makala ya mwanafunzi wa uzamili, na wadadisi walipolipasua faili wakakuta kumbukumbu ya mara kumi za mwisho lilipohifadhiwa, pamoja na majina ya watumiaji. Waraka ulihama vizuri mno.

Kufikia hapo serikali kadhaa zilikuwa zimeanza kujiuliza swali lisilo la kiufundi: nyaraka za umma zikiwa ndani ya fomati inayoeleweka kikamilifu na kampuni moja, nani anazimiliki? Jibu la kwanza lilikuwa ODF, iliyotokana na programu ya OpenOffice.org. Ikapitishwa na muungano wa OASIS mwezi Mei 2005 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Programu hiyohiyo ndiyo iliyovaa kanga kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili, mwaka 2004. Menyu zilizungumza Kiswahili kizuri. Mafaili yaliyotoka wizarani, kwa wafadhili na kwa wachapishaji yaliendelea kuwa .doc, na menyu haiwezi kulibadilisha faili la jirani.

Microsoft ilijibu kwa OOXML, fomati iliyo nyuma ya .docx, iliyoletwa na Office 2007. Maelezo ya ODF yalikuwa na kurasa zipatazo 700. Ya OOXML yalizidi 6,000. Kura ya kwanza ya ISO, Septemba 2007, iliikataa. Ya pili, baada ya mkutano wa Geneva, ikaipitisha mwaka 2008. Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zilikata rufaa, na rufaa zikatupwa.

Upinzani ule haukuwa wa ukubwa wa kitabu tu. Ndani ya maelezo ya OOXML mlikuwa na amri zenye majina kama autoSpaceLikeWord95 na lineWrapLikeWord6, yaani "panga nafasi kama Word 95 ilivyofanya", "kata mistari kama Word 6". Rasimu iliyopelekwa kupigiwa kura haikueleza Word 95 ilifanyaje. Ni sawa na kitabu cha mapishi kinachosema: tia chumvi kama bibi alivyokuwa akitia. Kwa mjukuu aliyekua jikoni humo ni maelekezo kamili. Kwa jirani si kitu. Lakini itakuwa uonevu kuiona hila tu. Amri hizo zilikuwapo kwa sababu kulikuwa na mamilioni ya nyaraka za zamani ambazo wenyewe walitaka kurasa zao zikatike palepale zilipokatika miaka kumi nyuma. Kumbukumbu ya tabia za programu ndiyo iliyokuwa mali yenyewe.

Leo mtu yeyote anaweza kuona ndani. Chukua faili la .docx, libadilishe kiendelezi liwe .zip, lifungue: kuna folda, na ndani ya folda iitwayo word kuna document.xml, maandishi yote yakiwa wazi. Utakuta sentensi imekatwakatwa vipande bila sababu ya dhahiri, kwa kuwa Word huweka alama ya kikao ambamo kila kipande kiliandikwa. Utakuta pia alama ya lugha. Ya Kiswahili katika Word ni sw-KE, Kiswahili cha Kenya. Kamusi ya tahajia iliyo kwenye LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, imesajiliwa sw-TZ, Kiswahili cha Tanzania. Ugomvi wa Kiswahili cha nani umeingia mpaka kwenye zipu. Mara nyingi hata haufiki huko, kwa sababu waraka umeandikwa Kiingereza cha Marekani bila mwandishi kujua, na kila neno lina mstari mwekundu chini yake.

Hata fomati ingeeleweka yote, kuna kitu ambacho kwa kawaida hakimo ndani ya faili: fonti. Waraka hutaja jina tu, "Times New Roman, 12", ukitumaini kwamba unakokwenda fonti hiyo ipo. Ikikosekana, programu huchagua mbadala, na mbadala ukiwa mnene kwa unywele mmoja, neno la mwisho la mstari halitoshei. Kiswahili hakisaidii hapo. Neno kama "hawakutufahamisha" linabeba mtendwa, wakati na ukanushi kwa pamoja, na programu isiyojua kulikata kwa silabi hulisukuma zima mstari wa pili. Aya inaongezeka mstari. Mstari unasukuma kichwa cha habari, kichwa kinasukuma jedwali, na yaliyomo mwanzoni bado yanasema sura ya tatu iko ukurasa wa 41. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawasawa na wa Times New Roman, Arial na Courier New ingawa maumbo ni tofauti. Baadaye Carlito ikaja kufanya hivyo kwa Calibri. Ni kazi ya kifundi isiyosifiwa, na pengine imeokoa nyaraka nyingi kuliko kura zote za Geneva.

Ugumu huu umezitikisa hata ofisi zenye fedha. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likafikisha kompyuta zipatazo 15,000, na likajitengenezea programu ya kusimamia vichwa vya barua na violezo vyake. Mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurudi Windows, na miongoni mwa malalamiko ya watumishi lilikuwamo lile la kubadilishana nyaraka na watu wa nje. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, halikutishika: mwaka 2024 lilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 hadi LibreOffice.

Google Docs, iliyotokana na Writely ambayo Google iliinunua mwaka 2006, imejaribu kulifuta swali lenyewe: waraka hauhami, watu ndio wanaoufuata ulipo. Hilo linafanya kazi mpaka intaneti inapokatika, au mpaka mtu anaponakili faili la .gdoc kutoka kompyuta yake kwenda kwenye flashi na kufika nalo mahali. Ndani hamna waraka. Mna anwani tu, kama bahasha yenye stempu na haina barua.

Mahali hapo, kwa wengi Afrika Mashariki, ni steshenari iliyo karibu na geti la chuo. Mwanafunzi ameandika tasnifu kwenye simu kwa WPS Office, akaisahihisha kwenye kompyuta ya rafiki yenye LibreOffice, na sasa anataka iprintiwe na kubaindiwa kabla ya saa kumi. Kijana wa steshenari anaifungua kwa Word, anaona michoro imepanda juu ya maneno, na anasema alichosema kwa watatu waliotangulia: leta PDF. Hajasoma kwamba Adobe iliitoa PDF mwaka 1993 wala kwamba ISO iliikubali 2008. Anachojua ni kuwa PDF huja na fonti zake na ukurasa uliokwisha kushonwa, na kwamba fundi wa pili hapewi mkasi.

Mwanafunzi anageuza, anaprinti, anapeleka. Jioni msimamizi wake anamwandikia: nitumie ya Word, nataka kuweka maoni pembeni. Kwenye flashi sasa kuna tasnifu_mwisho.docx, tasnifu_mwisho.pdf, na ya tatu iliyorudi kutoka kwa msimamizi, tasnifu_mwisho_MAONI(2).docx, ambayo yaliyomo yake yanasema sura ya tatu inaanza ukurasa wa 44.